Daftari la Bibi

Mayai ya Bibi yalikuwa matano, ameyalaza ndani ya kikapu cha ukindu juu ya pumba ili yasigongane. Ibada ya kwanza iliisha saa tatu kasoro. Tukatoka kanisani kwa wimbo, safu kwa safu, tukasimama uani kuizunguka meza ya mnada. Anayezijua sharika za Kilutheri za milimani anaijua meza hiyo: asiyekuwa na noti ya kutoa huleta alichovuna, kikauzwa, na fedha yake ndiyo ikawa sadaka. Jumapili hiyo palikuwa na mkungu wa ndizi, kabichi nne, sado ya maharage, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, na yale mayai.

“Mayai ya kienyeji haya, ya mama yetu!” Mzee wa kanisa alikinyanyua kikapu watu wakione. “Elfu mbili nani?”

Elfu mbili ikatoka kwa kijana wa bodaboda. Mama mmoja wa kwaya akapandisha hadi tatu. Wakapokezana, mia tano kwa mia tano, watu wakishangilia kila bei inapopanda, mpaka mwalimu mgeni, ambaye hajamaliza hata miezi mitatu tangu apangiwe shule ya pale, aliposema elfu tisa. Vigelegele vikapigwa. Mwalimu akalipa, akachukua kikapu, akaja moja kwa moja tuliposimama. Akainama kidogo, akamkabidhi Bibi kwa mikono miwili.

“Nimekununulia wewe, Bibi.”

Bibi alipokea, akashukuru, akageuka, akakirudisha kikapu mezani. “Yauzwe tena.”

Yakauzwa tena, elfu sita na mia tano. Safari hii aliyenunua alikuwa fundi seremala, naye akaagiza yapelekwe kwa jirani yake aliyejifungua siku mbili nyuma. Bibi alicheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. Tulipokuwa tukiteremka kurudi nyumbani, mkono wake umeshika wangu na mwingine umeshika fimbo, alisema: “Umeona, mke mwenzangu? Mayai yangu leo yamenishinda kutembea.”

Usiku, baada ya kula, alivuta daftari lake kutoka chini ya mto wa kiti, akalamba ncha ya kalamu kama anavyofanya siku zote, akaandika kwa herufi kubwa za kulala: Mayai 5. Yameuzwa mara 2. Shs 15,500. Yako kwa mzazi.

Kwa miaka mingi nimeandika habari za wazee wetu. Nimeandika habari za wanaosafiri mbali kufuata dawa, wa mashamba yanayogombewa wakiwa bado hai, wa wajukuu walioachiwa walee. Yote hayo ni kweli na yanapaswa kuandikwa. Lakini kila nilipokuwa nikiyaandika, moyoni nilijua kuna habari nyingine ninayoiacha mezani, nayo ni hii: bibi yangu, mwanamke wa miaka zaidi ya themanini, mjane, ambaye magoti yake hayamsikilizi tena, ana furaha. Furaha yake ina kazi zake, ina ratiba yake, ina hata hesabu zake kwenye daftari. Mwaka huu nilichukua likizo ya wiki mbili nikapanda milimani nikae naye, nimtazame anavyoishi.

Nyumba yake iko juu kidogo ya mji wa Lushoto, kwenye Milima ya Usambara ya Magharibi. Ukitoka Dar es Salaam unaiacha barabara kuu pale Mombo, kwenye joto, mashamba ya mkonge na vumbi jekundu, halafu gari linaanza kupanda. Ni kilomita thelathini na ushei za kona juu ya kona, mto chini upande mmoja, mwamba upande mwingine. Soni gari likisimama, akina mama na vijana wanainua beseni madirishani: karoti zilizooshwa zikang’aa, mapeasi, matunda damu, na plamsi msimu wake ukifika. Hapo ndipo abiria wanapoanza kuvaa masweta. Lushoto yenyewe iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Wajerumani walipofika waliipenda baridi yake wakaupa mji jina la mfalme wao: Wilhelmstal, bonde la Wilhelm. Jina hilo limebaki kwenye vitabu. Mji wenyewe umerudi kuwa Lushoto, mji wa barabara moja kubwa, stendi, soko, misikiti, makanisa, na watu ambao ukikohoa stendi, sokoni wanakuuliza umeamkaje.

Nilipima kwa saa. Kutoka mlangoni kwa Bibi hadi sokoni, mimi peke yangu natumia dakika ishirini. Pamoja na Bibi tulitumia saa moja na robo. Magoti yamechangia, sikatai, lakini sehemu kubwa ni salamu. Wasambaa hawasalimiani kwa kupita. Mtu anasimama, anaweka chini alichobeba, anauliza habari za usiku, za nyumbani, za watoto, za yule aliyekuwa akiumwa mguu, za ng’ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Anayejibu naye anarudisha yote, kwa mpangilio uleule. Kwa fundi cherehani tulikaa. Kwa muuza sukari tulipewa kigoda. Mtoto wa shule aliyekuwa akikimbia alirudi nyuma hatua kumi kwa sababu alikuwa amempita Bibi bila shikamoo, na Bibi alimjibu “Marahaba, baba” kwa sauti iliyojaa kana kwamba ni yeye aliyepewa zawadi.

Mwanzoni nilikuwa na haraka. Siku ya tatu niligundua kwamba zile salamu ndizo safari yenyewe, sukari ni kisingizio. Kila aliyesimama alimpa Bibi habari moja na kuchukua moja. Kufika sokoni alikuwa anajua nani amefiwa, nani amepasi, nani amerudi kutoka Tanga, na mzazi wa mayai matano anaendeleaje. Na wao walikuwa wanajua kwamba mjukuu wa Bibi, yule anayeandika magazetini, amekuja, na kwamba hajanenepa.

Siku ya gulio huvaa kitenge cha kijani na koti la marehemu babu. Hana tena cha kuuza kingi. Zamani alibeba kabichi kichwani, siku hizi anapeleka plamsi za miti yake mitatu, sado mbili au tatu, na kwa kila mteja anaongeza ngumi moja ya juu. Shangazi yangu humgombeza kwamba faida yote inaishia kwenye ile ngumi. Bibi hamjibu. Nilikaa nyuma yake juu ya gunia nikamwangalia: sado inajaa, inapigwa chini mara moja ili plamsi zijipange, inajazwa tena mpaka kichuguu, inamiminwa mfukoni, halafu mkono wake unarudi kwenye beseni na kuchota zile za nyongeza. Vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Lakini ule mchoto wa mwisho hauna ubahili hata kidogo, na mteja akiondoka Bibi anamsindikiza kwa macho mpaka anapopotea nyuma ya vibanda vya mitumba.

Jioni ya gulio mafuso hupakia. Kabichi, karoti, pilipili hoho, viazi, matenga ya nyanya, vyote hushuka usiku kwa zile kona ili alfajiri viwe Dar es Salaam. Mimi ninayeishi mjini huvikuta Kariakoo, asubuhi, bado vina umande wa milimani, na kila mara nikishika karoti nazichunguza kana kwamba zitaniambia kitu. Bibi naye ana swali ambalo ameniuliza tangu nilipohamia huko: “Ulimwona anayekula kabichi yangu?” Nilipokuwa msichana nilidhani ni mzaha. Sasa najua anauliza kwa dhati. Kwake, chakula kilichotoka shambani mwake kina mtu kinakokwenda, na angependa kujua kama mtu huyo ameshiba.

Siku yake huanza kabla ya jogoo. Adhana ya alfajiri kutoka msikiti wa bondeni ndiyo inayomwamsha. Anakaa kitandani, anajifunga khanga kichwani, anaomba: kwanza waliokufa kwa majina, halafu walio hai kwa majina, kuanzia mtoto wake mkubwa hadi kitukuu cha mwisho, halafu wagonjwa wa mtaa. Nilimuuliza kwa nini hatumii saa ya simu. “Mwadhini ndiye saa yangu,” alisema. “Yeye ananiamsha, mimi namwombea koo lake lisikauke. Tumekwenda hivyo miaka yote.”

Maneno hayo yana historia ndefu kwetu. Uislamu ulipanda milima hii kutoka pwani pamoja na wafanyabiashara na walimu wa chuo. Wamisionari wa Kijerumani wa Betheli walifika Mlalo mwaka 1891 na kutoka hapo Ulutheri ukasambaa mabonde kwa mabonde. Hadi leo ukoo mmoja wa Kisambaa unaweza kuwa na shehe na mwinjilisti, na kwenye msiba wakakaa jamvi moja. Wetu ni hivyo. Mdogo wake Bibi, ninayemwita bibi mdogo, aliolewa na Mwislamu akasilimu. Baba yao alikuwa mzee wa kanisa, na kwa muda mrefu hakutaka kulisikia jina la binti yake mezani. Mama yao hakubishana naye. Kila Jumamosi alipika chungu kimoja zaidi cha makande, akamtuma Bibi akipeleke ng’ambo ya mto, naye Bibi alikipeleka na kurudi na chungu kimeoshwa, ndani yake kuna limau, au pilipili, au kipande cha sabuni. Ilikuwa hivyo mpaka bibi mdogo alipojifungua mtoto wa kwanza, na yule mzee wa kanisa akachukua fimbo yake asubuhi moja bila kumuaga mtu, akavuka mto kwenda kumwona mjukuu.

Ndiyo maana kwetu Krismasi haianzi kanisani, inaanza na kisu. Tarehe 25 Desemba, baada ya swala ya alfajiri, mume wa bibi mdogo huja amevaa kofia yake ya kiua, kisu amekikunja ndani ya kitambaa cheupe. Mzee huyo ana miaka inayokaribiana na ya Bibi, na hatembei haraka, kwa hiyo wajukuu hutumwa kumpokea njiani. Maji huwa yameshawekwa tayari kwenye kata. Anakunja mikono ya shati, anauliza kibla kana kwamba hajui, na watoto, Wakristo na Waislamu, wote hunyoosha vidole kwa pamoja upande wa kaskazini. Jogoo analazwa. Mmoja anashika mbawa, mmoja miguu. Mzee anataja jina la Mungu kwa sauti ya chini, mkono unapita mara moja. Hakuna aliyewahi kuandika sheria kwamba nyama ya Krismasi nyumbani kwa Bibi ichinjwe na Mwislamu. Ni kwamba Bibi hajawahi kuivumilia sinia ambayo mdogo wake hawezi kutia mkono.

Na Ramadhani inarudishwa. Bibi hupika futari siku tatu tatu: magimbi, viazi vitamu vya nazi, uji wa pilipili manga, akampa mtoto apeleke ng’ambo kabla jua halijazama. Mchana huohuo hali hadharani, hata kikombe cha chai hukinywea ndani. Sikukuu ya Idd hukuta kuna sahani yake ya pilau iliyofunikwa kwa kawa, na karibu nayo doti ya khanga. Nimewaona wale wakongwe wawili wamekaa mkeka mmoja baada ya pilau, wakichambua mchunga kwa ajili ya kesho, mmoja akinung’unika wimbo wa kanisani bila maneno, mwingine akihesabu tasbihi kwa kidole gumba, na mazungumzo yakiendelea katikati kuhusu bei ya mafuta ya taa. Sijui namna bora ya kueleza amani ya milima ile kuliko kile kikapu cha mchunga kilichokuwa katikati yao.

Kitabu chake cha nyimbo, Mwimbieni Bwana, amekishonea jalada la kitambaa cha kitenge. Herufi hazioni tena. Lakini kanisani, namba ya wimbo ikitangazwa, anafungua, anapekua, anafika ukurasa wenyewe, anakishika kitabu mbele ya kifua na kuimba beti zote akiangalia mbele. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua kufungua. Akaniambia wimbo ukiimbwa na kitabu kimefungwa, watoto walio nyuma watadhani kitabu hakina kazi. Huyo ndiye Bibi mtupu. Alikuwa binti aliyeolewa karibuni wakati makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana mwaka 1963 kuwa KKKT, na anachokumbuka ni kwamba baada ya hapo kwaya yao ilianza kualikwa mbali, na kwamba alipanda lori kwa mara ya kwanza, akatapika kona zote mpaka Mombo, na alipofika akaimba.

Sasa hilo daftari. Ni daftari la shule, kurasa mia mbili, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Likijaa analifunga kwa uzi na kuliweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ananunua jingine. Nilipata ruhusa ya kufungua sanduku. Ndani kuna madaftari yasiyopungua arobaini, ya juu meupe, ya chini yamekuwa rangi ya chai, na mengine panya wameonja pembe.

Bibi alisoma mpaka darasa la nne kwenye shule ya misheni. Kwa wasichana wa wakati wake hiyo ilikuwa elimu. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wajumbe walipita nyumba kwa nyumba kutafuta anayejua kusoma awafundishe wasiojua, na Bibi, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, akakabidhiwa ubao, chaki na darasa la ngumbaru chini ya mparachichi. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima wa kijiji, wengi wamemzidi umri. Mmoja wao alikuwa mama mkwe wake.

Kuhusu hilo Bibi alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Mama mkwe alikuwa mwanamke mkali, wa kuogopwa. Kumfundisha ilimaanisha kumshika mkono, na mkwe hamshiki mama mkwe mkono kwa kumwelekeza. Wiki mbili yule mama alikaa mstari wa nyuma, ubao mapajani, hakuandika kitu. Jioni moja wamebaki jikoni wawili tu, mama mkwe akachukua kijiti, akakwangua majivu mbele ya mafiga yakawa sawa, akasema bila kumtazama: “Nionyeshe jina langu linavyoanza.” Bibi akachuchumaa nyuma yake, akaushika ule mkono. Wakaandika kwenye majivu, wakafuta, wakaandika, hadi moto ukazimika na mboga ikaungua. Siku ya mtihani mama mkwe aliandika jina lake lote. Baadaye alipokuwa akiumwa, wakati wa kufa kwake, aliomba apewe karatasi, akaliandika tena, akampa Bibi. Karatasi hiyo imo kwenye daftari la mwaka huo, imekunjwa mara nne. Nimeishika. Herufi zinapanda mlima kuelekea kulia, na ya mwisho imetoka nje ya mstari.

Kuanzia darasa lile Bibi hakuacha kuandika. Anaandika vitu vinavyoonekana vidogo. Mvua imeanza leo. Ng’ombe ameingia kwa jirani, tumelipa maharage. Mama fulani amekuja kuazima chumvi, amekaa mpaka jioni. Rambirambi, nani ametoa kiasi gani, ili siku ya msiba wa huyo naye arudishiwe kwa heshima. Kuzaliwa kwa kila mmoja wetu kumeandikwa: saa, hali ya hewa, na nani alikuwa wa kwanza kuja kumwona mtoto. Kuzaliwa kwangu kumeandikwa hivi: Msichana. Ukungu. Amekuja mdogo wangu kabla ya jua, amevuka mto umejaa.

Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Nimekaa mjini miaka mingi nikijifahamu kwa vyeti, kazi na anwani, kumbe tangu siku ya kwanza kuna mtu aliyevuka mto umejaa kuja kuniona, na mwingine aliyeona kwamba jambo hilo linastahili wino.

Si kurasa zote za furaha. Kuna mwaka ambao Bibi alimzika mtoto wake wa tatu, na kwa majuma sita hakuna neno, ni tarehe tu, kila siku, zimeandikwa moja chini ya nyingine. Halafu tarehe moja ina maneno: Jirani amenipalilia. Siku iliyofuata: Nimekwenda kumshukuru. Na kutoka hapo kurasa zinaanza kujaa tena. Babu alipokufa aliandika mstari mmoja, kwamba amelala vizuri. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, upande wa migomba, na kila asubuhi Bibi akienda kulisha kuku hupita hapo, husimama, humwambia habari. Siku niliyofika nilimsikia akimwambia: “Mke wako mdogo amekuja. Bado hajui kumenya gimbi.”

Simu anayo, ile ndogo ya vitufe yenye tochi, na namba zetu zote zimeandikwa kwenye jalada la ndani la daftari kwa tarakimu ukubwa wa kidole. Jumapili jioni ni zamu ya kupigiwa. Anakaa mlangoni kwenye mtandao mzuri, daftari wazi, na kila anayepiga anawekewa alama ya vema. Asiyepiga hapigiwi kelele. Anaachiwa nafasi tupu kwenye mstari, na Jumatatu Bibi humuuliza mwingine: “Mwenzenu mzima?” Mjomba wangu, mtu mzima mwenye wajukuu wake, aliniambia kwamba katika maisha yake hakuna kitu anachokiogopa kama ile nafasi tupu.

Usiku wa mwisho alinifungia mizigo. Kila fungu lina mwenyewe. Njegere za mwenye nyumba wangu. Parachichi sita za walinzi wa ofisini, “na uwape kwa mkono wako, usiwatume mtu.” Plamsi za dada wa chakula. Iliki iliyofungwa kwenye karatasi ya gazeti, gazeti letu lenyewe, kwa ajili ya mama mwenye duka mkabala na kwangu. Bibi hajawahi kukutana na hata mmoja wao. Amewajua kupitia mimi, kwa maswali yake ya Jumapili, na mama wa duka alipofanyiwa upasuaji mwaka jana Bibi alikuwa akimtaja kwenye maombi ya alfajiri kwa jina la mtoto wake.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa stendi, ukungu umeshuka mpaka taa za basi zimekuwa kama viini vya mayai. Adhana ilikuwa imekwisha muda si mrefu. Kondakta alimwamkia Bibi kabla hajaniangalia mimi, akapokea mizigo, akasema, “Bibi, nimeshamjua, nitamshusha mwenyewe.” Bibi alinishika uso kwa mikono miwili iliyonukia moshi na limau, akaniombea pale pale mlangoni mwa basi, na abiria waliokuwa wakipanda wakasubiri, wengine wakasema Amina.

Tulifika Dar es Salaam alasiri. Nilikuwa sijamaliza kugawa mafungu, bado nimesimama dukani na ile karatasi ya iliki mkononi, simu ikalia.

“Umefika?”

“Nimefika, Bibi. Shikamoo.”

“Marahaba. Iliki umempa?”

“Yuko hapa mbele yangu, ananusa.”

Nikasikia kiti kikivutwa, ukurasa ukifunguliwa, na ile sauti ndogo ya ulimi kwenye ncha ya kalamu.

“Ngoja basi,” alisema. “Nawaandika wote wawili.”